Kwenye mtihani wa benki, swali lililoachwa si kosa

Nchini India, vijana wanaojiandaa kwa mtihani wa IBPS (taasisi ya kuchagua wafanyakazi wa benki) wa kuajiri maofisa wa benki za umma huambiwa kwamba anayepita ni yule anayejibu maswali yote. Si kweli, na ushauri huo huwaumiza hata wenye uwezo.

Mchujo, yaani hatua ya kwanza ya mtihani huo, una maswali 100 kwa dakika 60. Ukikosea, unakatwa robo ya alama za swali hilo. Ukiliacha wazi, hukatwi kitu. Sasa chukua maswali matano ya alama moja moja, kila moja lina majibu matano ya kuchagua, ubahatishe macho yamefumbwa. Kwa wastani utapata moja na kukosa manne. Umeingiza alama 1, umekatwa robo nne, yaani 1. Hujabaki na kitu, na muda umekwenda.

Ukiweza kuondoa jibu moja au mawili kwa uhakika, hapo kubahatisha kunalipa kidogo. Kwa hiyo unapofanya mitihani ya majaribio nyumbani, hesabu makosa yako pia, usihesabu tu maswali uliyogusa. Tena alama za mchujo haziingii kwenye orodha ya mwisho; zinakuvusha tu kwenda mtihani mkuu.