Sifuri kwenye ufa si tarehe

Jumatatu kijana mmoja wa utafutaji madini alifungua kompyuta yake mezani kwangu, hapa Lubumbashi, akanionyesha mkato wa miamba aliouchora vizuri sana. Ufa, yaani mpasuko ambao miamba imeteleza kando yake, unainama kuelekea kusini. Chini kabisa, tabaka za upande wa juu wa ufa, ule unaolala juu ya mwinamo wake, zimeshuka. Juu kabisa, tabaka za upande uleule zimepanda. Katikati kuna tabaka moja ambalo halionyeshi kusogea hata mita moja, yaani sifuri, na juu yake ameweka duara jekundu.

“Mwalimu, ona hapa. Ufa uligeuka tabaka hili likitandazwa. Kabla yake mtanuko, baada yake mbano.”

Anamaanisha kwamba kwanza nchi ilivutwa na upande wa juu wa ufa ukashuka, kisha ikasukumwa na upande ule ukapanda. Huyu ni wa nne kuniambia hivyo tangu mvua zianze. Wa tatu alikuwa na shahada kubwa kuliko yangu. Nimemjibu kwa mdomo, lakini naona mdomo hautoshi, kwa hiyo naandika.

Tabaka lile halikulala wakati ufa unageuka. Lilitandazwa kabla, tena huenda kabla sana, mtanuko ukiwa bado unaendelea kwa nguvu zote. Mgeuko ulikuja baadaye, na mkato ule peke yake hausemi ni lini.

Chukua daftari la deni. Mtu anakopa dukani franka laki moja kila mwezi, kuanzia Januari mpaka mwisho wa Mei. Jumla laki tano. Halafu ananyamaza, na mwezi wa Septemba analipa laki mbili. Sasa fikiria kwamba kila tabaka ni karani aliyeanza kazi siku yake, na anaandika tu yale aliyoyaona kwa macho yake. Karani wa Januari ameona mkopo wote na malipo yote: kwake deni ni laki tatu. Karani aliyeingia tarehe mosi Aprili ameona mkopo wa Aprili na Mei tu, laki mbili, kisha malipo ya laki mbili: kwake ni sifuri. Karani wa Juni hakuona mkopo wowote, ameona malipo tu. Karani wa Oktoba hakuona kitu.

Malipo yalifanyika lini? Septemba. Sifuri iko kwa karani gani? Wa Aprili. Kijana wangu amezungushia duara jekundu karani wa Aprili na kuandika kwamba malipo yalifanyika Aprili.

Ongeza malipo uone upotovu unavyokua. Mteja akilipa laki tatu badala ya mbili, bado mwezi uleule wa Septemba, sifuri inahamia kwa karani wa Machi. Akilipa zote tano, inafika Januari, chini kabisa ya mashapo ya mtanuko. Kadiri mbano unavyozidi, ndivyo sifuri inavyoteremka kwenye tabaka za zamani zaidi, ingawa saa ya kugeuka haikubadilika. Ukiisoma sifuri kama tarehe, ufa uliobanwa zaidi utaonekana umegeuka mapema zaidi. Nimeona ramani nzima ya namna hiyo: nyufa zimepangwa kwa rangi kutoka zilizogeuka “mwanzo” hadi zilizogeuka “mwisho”, na kwa kweli ilikuwa ramani ya kiasi cha mbano.

Na kiasi hicho ni kitu cha thamani. Sifuri inakuambia mbano umerudisha sehemu gani ya mtanuko, mradi mwendo wote ulipita kwenye ufa uleule na haukumezwa na mikunjo. Huku kwetu mikunjo imemeza mwingi, hilo nalo liandikwe pembeni ya mchoro.

Basi saa ya kugeuka inasomwa wapi? Kwenye unene. Wakati wa mtanuko upande wa juu wa ufa unashuka, mashapo yanajaa humo, kwa hiyo tabaka ni nene upande ule na nyembamba upande wa pili. Mtanuko ukikoma, tabaka zinalingana pande zote mbili. Mbano ukianza, upande uliokuwa shimo unainuka kuwa mgongo, na tabaka mpya zinakonda zikikaribia mgongo huo, nyingine zinaishia ubavuni bila kuuvuka. Mgeuko uko kati ya tabaka la mwisho lisilokonda na tabaka la kwanza linalokonda. Hao ni makarani wa Agosti na Septemba. Ukipata tarehe za hao wawili, kwa majivu ya volkano au kwa visukuku, umepata mabano yako, yaani mpaka wa mapema na mpaka wa mwisho. Mabano, si nukta.

Hata hapo pana mtego. Matope yakitandazwa juu ya jiwe gumu lililozikwa upande mmoja, na juu ya mashapo laini upande wa pili, yatakonda juu ya lile gumu kwa sababu ya mgandamizo tu, bila mbano wowote. Niliwahi kuandika “mwanzo wa mbano” juu ya tabaka la matope la namna hiyo, na ilinichukua miaka miwili kuifuta sentensi ile. Ukondefu wa tabaka moja haunitoshi tena. Nataka kuuona kwenye mchanga pia, na nataka kuona tabaka zimeegemea kwa pembe inayopungua kadiri unavyopanda.

Kuna shida kubwa kuliko hiyo. Jambo la kwanza linalofanywa na mgongo unaoinuka ni kuliwa na mmomonyoko. Ushahidi wa mwanzo wa mbano uko juu ya mgongo wenyewe, na ndio unaooshwa kwanza. Unabaki na pengo, na juu ya pengo tabaka la baadaye sana. Watu wanachukua umri wa tabaka hilo la baadaye na kuuita umri wa mbano, kama vile karani wa Desemba ndiye aliyepokea pesa.

Kusini mwa Uingereza, kwenye bonde la Wessex, nyufa za mtanuko wa nyakati za Jurasi zilibanwa baadaye, na kwa muda mrefu yote yalitundikwa kwenye tukio moja la nyakati za Miosini (miaka milioni 23 hadi 5 iliyopita), pamoja na kuinuka kwa milima ya Alps. Wanajiolojia walipoangalia vizuri unene na mapengo ndani ya chokaa, mbano ulionekana kuanza mapema zaidi, mwishoni mwa Kretasia (iliyoisha miaka milioni 66 iliyopita), tena kwa mafungu. Japani wana bahati nzuri zaidi: Bahari ya Japani ilifunguka kati ya miaka milioni 20 na 15 hivi iliyopita, nyufa zake za mtanuko zimeanza kubanwa ndani ya miaka milioni chache iliyopita tu, na mashapo bado yapo kitandani. Tena zinaendelea. Tetemeko la Chuetsu la mwaka 2004 lilitokea katika eneo la nyufa za namna hiyo.

Sisi hatuna bahati hiyo. Bonde la Katanga lilianza kujaa mashapo baada ya miaka milioni 880 hivi iliyopita, maana mashapo ya Roan, tabaka za chini kabisa za bonde hili, yamelala juu ya graniti ya Nchanga, upande wa Zambia, yenye umri huo. Lava za kaskazini-magharibi mwa Zambia zinaonyesha bonde lilikuwa bado linatanuka kati ya milioni 765 na 735. Halafu unaruka mpaka milioni 530 hivi, ambapo miamba ya kuba za Zambia, yaani miinuko ya miamba ya kale, ilifika kilele cha joto na shinikizo, mbano wa Lufili, ule uliokunja bonde letu, ukiwa umekomaa. Kati ya 735 na 530 kuna miaka milioni 205. Dinosaria wametawala nchi kavu kwa muda mfupi kuliko huo. Ndani ya pengo hilo nyufa zetu ziligeuka, na sidhani ziligeuka siku moja: mbano ulisafiri kuja kaskazini, kwa hiyo ufa wa kusini ungeweza kuwa unapanda wakati ufa wa kaskazini bado umetulia. Mika, yaani madini ya magamba yanayong'aa, zilizookotwa kwenye mashapo ya Biano, tabaka za juu kabisa za bonde letu, zina miaka milioni 573 hivi, kwa hiyo mashapo yale ni machanga kuliko hapo, na naamini yametokana na milima iliyokuwa imeshainuka upande wa kusini. Naamini. Wenzangu wengine wanayasoma vinginevyo na sina silaha ya kuwanyamazisha.

Hapo ndipo mtu huja na maabara. “Tumepima udongo wa ndani ya ufa, umetoa milioni 530, basi uligeuka 530.” Hili nalipita haraka. Ilaiti, yaani madini ya udongo wa ndani ya ufa, imechanganyika: chembe kubwa ni mika za zamani zilizoletwa na mashapo, chembe ndogo kabisa ndizo zilizoota pale. Ndiyo maana tunazitenganisha kwa ukubwa na kukadiria umri wa zile zilizoota tu. Ukishaupata, umepata wakati udongo ulipoota, basi. Hausemi ufa ulikuwa unapanda au unashuka. Pengine haukusogea kabisa, yalipita maji ya moto tu. Na kwenye nchi iliyopikwa yote karibu na milioni 530, kupata 530 hakunishangazi hata kidogo.

Kinachonipa moyo ni nyuzi za kalisaiti, madini ya chokaa, kwenye uso wa ufa. Zinaota zikiegemea upande wa mwendo, kwa hiyo ukizikuta na ngazi zinazoonyesha kupanda, na zina urani ya kutosha kupimwa dhidi ya risasi (metali ambayo urani hugeuka kuwa kadiri miaka inavyopita), unaweza kusema: kufikia siku hii ufa ulikuwa umeshageuka. Huo ni ukuta wa upande mmoja. Mara nyingi urani haitoshi.

Na kuna chumvi. Tabaka za Roan zilikuwa na chumvi nyingi ambayo imeyeyuka ikatuachia mabreksia, yaani miamba ya vipande vilivyovunjika, yale tunayoyajua wote, yenye vipande vya Serie ya Migodi (tabaka za Roan zenye shaba na kobalti) vikubwa kama mtaa. Chumvi inainua tabaka na kuzikondesha bila kungoja mbano wa bara. Ninapoona tabaka la Nguba, kundi lililo juu ya Roan, limekonda karibu na breksia, siwezi kuapa kama ni mgongo wa mbano au ni chumvi iliyokuwa inapanda mtanuko ukiwa bado haujaisha. Wapo wanaosema chumvi ilifanya karibu yote, wapo wanaosema ni msuguano wa miamba ikipandishwa juu ya miamba, na wapo waliosema ni maporomoko ya chini ya maji. Mimi naegemea chumvi upande wa Kolwezi. Hapa karibu, kuelekea Kipushi, nabadilisha mawazo kila msimu wa kiangazi nikirudi kuangalia.

Kijana nimemrudisha kwenye masanduku ya karoti, yaani vipande virefu vya mwamba vilivyotolewa visimani. Nimemwambia aache duara jekundu, apande juu yake, apime unene wa kila tabaka pande zote mbili za ufa mpaka aone pale unene unapoanza kulingana, kisha pale unapoanza kupungua upande wa juu. Jana usiku ameniandikia. Unene unalingana kwenye tabaka tatu juu ya sifuri yake, sawasawa kabisa. Baada ya hapo, visima vyote vya upande wa juu vinaingia moja kwa moja kwenye udongo mwekundu wa leo. Tabaka zilizofuata zimeshaoshwa.

Kwa hiyo kwenye ripoti yake, mbele ya ufa huo, ataandika: uligeuka baada ya milioni 735 na kabla ya 530. Ameniuliza kama wakubwa wake watakubali mabano mapana hivyo. Nimemwambia awapelekee na picha za karoti.