Skipu: nahodha wa kalingi ana kazi gani?

Kwenye soka, nahodha ni kitambaa cha mkononi. Anachagua goli sarafu ikirushwa, anamlalamikia refa, siku ya siku ananyanyua kombe. Mbinu ni za kocha. Kwenye kalingi, mchezo wa kutelezesha mawe juu ya barafu, nahodha anaitwa skipu, na jina hilo lina asili sawa na letu: ni mkuu wa chombo cha baharini. Ila huyu wa kalingi chombo anakiendesha kweli.

Timu ina wachezaji wanne. Kila mmoja anatupa mawe mawili kwa zamu na mpinzani wake, kwa hiyo awamu moja ni mawe 16. Jiwe ni la graniti, lina uzito wa karibu kilo 19, na linateleza kwenye ukumbi wa barafu wenye urefu wa mita 45 hivi kuelekea maduara yaliyochorwa upande wa pili. Maduara hayo huitwa nyumba, na skipu husimama humo.

Anagusisha ufagio wake kwenye barafu: lenga hapa. Mara nyingi hapo sipo jiwe linapotakiwa kusimama. Jiwe hutupwa likizunguka polepole, likapinda njiani, kwa hiyo skipu lazima akisie litapinda kiasi gani hata kabla halijaachiwa. Likishaachiwa, wenzake wawili wanakimbia nalo wakisugua barafu mbele yake kwa fagio zao, ili liende mbali zaidi na lisipinde sana. Hao wanajua kasi yake, lakini kama limenyooka au limepotoka, anayeona vizuri ni skipu, kwa kuwa linamjia usoni. Ndiyo maana anapiga kelele vile. Halafu, kwa kawaida, mawe mawili ya mwisho ya timu anayatupa yeye mwenyewe.

Kwa Wafini, skipu ni Markku Uusipaavalniemi, aliyezaliwa 1966 na kujulikana kwao kama Uusis. Aliwapa shaba ya dunia mwaka 1998 na tena 2000, na mwishoni mwa 2000 wakawa mabingwa wa Ulaya. Baadaye, mwaka 2007, alichaguliwa mbunge kwa tiketi ya Chama cha Kati, na 2010 akahamia chama kingine. Lakini watu wanamkumbuka zaidi kwa Olimpiki ya Torino ya 2006.

Nusu fainali waliifunga Uingereza 4–3. Matokeo membamba hayo yanahitaji neno moja zaidi: nyundo, yaani jiwe la mwisho la awamu. Timu moja tu hupata pointi katika awamu, ile yenye jiwe lililo karibu zaidi na kitovu, na inahesabiwa kila jiwe lake lililolizidi jiwe bora la mpinzani. Ukipata pointi, nyundo ya awamu inayofuata inakwenda kwa mpinzani. Basi skipu mwenye nyundo akiona atapata pointi moja tu, anaweza kuyagonga mawe yatoke, nyumba yote ibaki tupu kwa makusudi. Hapati kitu, lakini nyundo inabaki kwake. Mgeni akitazama anadhani mtu kakosea.

Fainali ilichezwa Pinerolo, mji wa karibu na Torino, tarehe 24 Februari. Kanada walivuna pointi sita katika awamu ya sita peke yake, na kwa hesabu hiyo hakuna skipu wa kuokoa jahazi. Wafini walitoa mkono kabla ya awamu zote 10 kuisha, 10–4. Kukubali kushindwa mapema si aibu katika mchezo huu. Ni adabu yake. Medali hiyo ya fedha ikawa ya kwanza ya Ufini ya Olimpiki katika kalingi.

Upande wa Kanada, skipu alikuwa Brad Gushue, kijana wa miaka 25, naye ndiye aliyetupa mawe ya mwisho. Lakini aliyesimama kwenye maduara ya nyumba na ufagio, akisoma barafu na kupanga mbinu, alikuwa Russ Howard, mzee wa miaka 50 aliyekuwa akitupa wa pili tu katika timu. Jahazi moja, nahodha na rubani wake. Uusis kazi zote mbili alizibeba mwenyewe.