Geti Lako Ni Makutano: Dhana Potofu Kuhusu Kuunganisha Ploti na Barabara Kuu

"Ploti yangu imepakana na lami, kwa hivyo geti nitafungua ninapotaka."

Maneno haya huyasikia kila anayeshughulika na vibali vya barabara Nairobi, na karibu kila mara husemwa wakati ukuta umeshapanda, geti limeshafungwa bawaba na zege la kalvati, yaani bomba la kupitishia maji chini ya njia, limeshakauka. Kabla ya kulipa hata senti ya ploti iliyo kando ya Mombasa Road, Kangundo Road au baipasi yoyote, soma sehemu hii ya kwanza yote, hata ukiacha zinazofuata.

Ploti haipakani na lami. Inapakana na hifadhi ya barabara, yaani ukanda wa ardhi uliotengewa barabara pande zote za lami. Mwite mpima ardhi akuonyeshe bikoni zako, yaani alama za mipaka ya ploti, kisha vuta futi kutoka bikoni ya mbele hadi ukingo wa lami. Pale hifadhi ilipo na upana wa mita 60 na lami ya mita 7 ikapita katikati, zinabaki mita 26 na nusu kila upande. Mita hizo si zako, hata kama unazifyeka nyasi mwenyewe na hata kama broka alisimama juu yake akikuonyesha "frontage", upande wa mbele wa ploti. Hati ya ardhi inakomea kwenye bikoni. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 inataka idhini ya maandishi ya mamlaka inayosimamia barabara kabla ya mtu kufanya kazi ndani ya hifadhi. Njia ya kuingilia yote, yaani kalvati, changarawe, kebo za taa za geti na bango la jina la mtaa, iko ndani ya hifadhi. Ukijenga bila idhini, unaweza kuamriwa uiondoe, na usipoiondoa itaondolewa kwa gharama yako.

Hilo la sheria watu hulielewa upesi. Wanalokataa kulielewa ni hili: geti linalofunguka barabarani ni makutano, hata likitumiwa na gari moja. Kila mahali magari yanapotengana, kuungana au kukatana njia ni mahali pa kugongana. Makutano ya umbo la T yanayoruhusu kona zote yana sehemu 9 za namna hiyo. Ukiruhusu kuingia kushoto na kutoka kushoto pekee, zinabaki 2. Ndiyo maana kibali cha barabara yenye kasi huja mara nyingi na sharti la kushoto tu. Ofisa hajakuonea. Amekuondolea sehemu 7.

Sasa mambo ya kuona. Dereva anayetoka getini anahitaji muda wa kuona gari linalokuja, kuamua, na kuingia bila kumlazimisha mwenzake apige breki za ghafla. Hesabu inayotumika sana kwa gari dogo ni sekunde 6.5 kwa anayekata kushoto na 7.5 kwa anayekata kulia kwenye barabara ya njia mbili, moja kila upande. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, gari hupita mita 22 kila sekunde, kwa hivyo ni takriban mita 145 na 167. Semitrela inayokata kulia inahitaji sekunde 11.5, yaani mita 255 hivi. Naye anayekuja, akiona kizuizi mbele yake kwa mwendo huohuo, anahitaji karibu mita 130 kusimama. Akiwa kwenye 110, ambayo ndiyo kasi ya juu kwa gari dogo katika barabara pacha (yenye ukanda unaotenganisha magari ya kwenda na ya kurudi), anahitaji zaidi ya mita 210.

Unaweza kujipimia hata kabla ya kumlipa mhandisi. Nendeni watu wawili, mkiwa na vizibao vya kuakisi mwanga na futi ndefu. Mmoja asimame mita 3 nyuma ya ukingo wa lami, pale patakapokuwa katikati ya njia, kisha achuchumae mpaka macho yawe mita 1.05 kutoka ardhini, kimo cha macho ya dereva wa saluni. Mwenzake ashike kijiti cha kimo hichohicho, atembee kando ya lami upande wa kulia, ambako ndiko gari la kwanza kukugonga litatokea. Kijiti kikipotea, iwe kimezibwa na ukingo wa kilima, mti wa mwarubaini, kibanda cha mabati au nguzo ya bango, simama na upime. Rudia upande wa kushoto. Halafu pima kasi ya kweli, maana kibao cha kasi hakiendeshi gari: weka alama mbili zilizoachana mita 100, uhesabu sekunde kwa simu. Sekunde 4.5 ni kilomita 80 kwa saa. Sekunde 3.6 ni kilomita 100. Ukipata mita 90 za kuona kwenye barabara ya 80, hapo hapana geti, na hakuna barua ya kuliombea itakayosaidia. Sogeza geti hadi mwisho mwingine wa ploti, ungana na jirani mtumie mlango mmoja, au tokea barabara ya nyuma.

Kuungana na jirani ndiyo ninayoisisitiza kuliko zote, na ndiyo inayokataliwa kuliko zote. Ploti nne za robo eka zenye njia moja ya ndani ya mita 9 hutoka mahali pamoja palipochaguliwa vizuri. Ploti hizohizo zenye mageti manne zina kalvati nne za kuziba na madereva wanne wanaovizia nafasi, na anayepita hajui anayewasha indiketa anaingia geti lipi. Makubaliano ya njia ya pamoja yaandikwe na wakili na yasajiliwe kwenye hati. Ukibaki na neno la mdomo, siku jirani akiuza limekwisha.

"Kaunti imepitisha plani, basi imetosha."

Haijatosha. Kaunti hupitisha ujenzi ndani ya ploti chini ya Sheria ya Mipango ya mwaka 2019. Maungio na barabara huidhinishwa na mwenye barabara, yaani mamlaka inayoisimamia: KeNHA kwa barabara kuu za kitaifa kama Thika Road, KURA kwa barabara za mijini zilizo chini yake, KeRRA kwa za vijijini, na kaunti kwa za mitaa. Anza kwa kuuliza kwa maandishi barabara hiyo ni ya nani, kwa sababu ombi likienda ofisi isiyohusika litakaa huko mpaka ulifuate mwenyewe. Tayarisha nakala ya hati na matokeo ya karibuni ya utafutaji wa umiliki katika ofisi ya ardhi, ramani ya upimaji, mchoro wa eneo unaoonyesha mageti na makutano yote jirani, na michoro ya kihandisi ya njia na mfereji iliyotiwa saini na mhandisi aliyesajiliwa. Kituo cha mafuta, jengo la maduka au fleti nyingi hutakiwa pia tathmini ya wingi wa magari yatakayoingia na kutoka. Ofisa aje muone mahali pamoja. Kibali kitangulie, fundi afuate.

"Bomba la milimita 300 linapitisha maji vizuri."

Linapitisha maji ya Januari. Ikifika Aprili, chupa mbili za plastiki, gunia na matope ya mtaro vimelifunga, na maji yanapanda juu ya lami. Yakishaingia ukingoni hulainisha tabaka la changarawe chini yake, matatu ikikanyaga ukingo unavunjika, na shimo linazaliwa mita chache kutoka getini kwako. Weka milimita 600 au zaidi, mtu aweze kulisafisha, na kamwe lisiwe dogo kuliko la jirani wa juu. Jenga kuta za ncha, yaani za kushikilia udongo kwenye midomo ya bomba, pande zote mbili. Njia iteremke kutoka kwenye lami kwa milimita 25 kila mita hadi kufikia mtaro, ili maji na udongo wa ploti visimwagikie barabarani, na uitie lami au zege angalau mita 10 za kwanza.

"Geti nitaliweka mbele, ndipo ploti ionekane."

Na gari likisubiri askari afungue, mkia wake unabaki kwenye lami. Acha mita 6 kati ya geti na ukingo wa lami kwa gari dogo, na 18 au zaidi kama semitrela zitaleta mizigo. Geti lifungukie ndani au liwe la kuteleza.

"Tutaomba bampu."

Bampu kwenye barabara ya kasi huhamisha ajali nyuma, kwenye lori lililochelewa kupiga breki. Haiongezi hata mita moja ya kuona.

"Geti liko hapa tangu kabla ya lami, haligusiki."

Barabara ikipanuliwa, njia za zamani hupangwa upya. Ndivyo Thika Road ilivyopata barabara za huduma, yaani za pembeni zinazokwenda sambamba nayo, na mageti yakafungukia huko badala ya njia za katikati. Na kibali hufuata matumizi. Ulichopewa cha nyumba moja hakihamii kwenye gereji, baa au kituo cha kuosha magari. Ukibadilisha matumizi, ombi linaanza upya, pamoja na kupima tena umbali wa kuona, kwa sababu sasa wanaotoka hapo ni wageni wasiojua kwamba kuna kona upande wa kulia.