Nenosiri moja kwenye programu ndogo ya wavuti: dhana potofu na ukweli

Malalamiko huja kwa sura ileile: programu ni ndogo, watumiaji hawafiki kumi, ukurasa wa nenosiri upo, sasa mbona PDF zetu zinatokea kwenye Google?

Dhana: "Nimeweka ukurasa wa kuingia, kwa hiyo programu imefungwa."

Haijafungwa. Ukurasa wa kuingia ni fomu tu. Kinachofunga ni ukaguzi wa seva kwa kila ombi, kabla jibu halijatoka. Mwenye anwani ya /ripoti hana haja ya kupitia fomu yako: anaiomba moja kwa moja, na seva isiyomuuliza kitu humpa.

Kibaya kuliko vyote ni nenosiri linalokaguliwa na JavaScript kwenye kivinjari. Data imeshamfikia mgeni, wewe umeifunika kwa pazia la CSS. Na usiniambie nenosiri lenyewe umelifanyia hashi, yaani umeligeuza kuwa mfuatano wa herufi usiorudishika. Nani analihitaji, ilhali ripoti inasomeka kwenye zana za msanidi?

Jipime sasa hivi kwa curl, programu ya kutuma ombi kwa seva kutoka terminali, bila kuki yoyote (kijidata ambacho kivinjari hurudisha kwa seva ili ikutambue):

`curl -i https://example.com/ripoti`

Unatakiwa kuona 401 (hujaruhusiwa), au 302 (nenda kwingine) inayorudisha kwenye ukurasa wa kuingia. Usiishie kwenye namba. Soma na kilichofuata chini yake. Kwenye PHP, `header('Location: /ingia.php');` isiyofuatwa na `exit;` huiacha hati iendelee hadi mwisho. Kivinjari hutii 302 kikaenda zake, nawe unaona kila kitu ni shwari, kumbe curl inaonyesha ripoti nzima ikining'inia chini ya vichwa vya jibu.

Ukaguzi usiuweke ukurasa kwa ukurasa, utasahau mmoja. Uweke mahali pamoja: `before_request` kwenye Flask (mfumo wa Python), au `app.use` kwenye Express (wa JavaScript), tena juu ya njia zote, maana njia iliyoandikwa juu yake hujibu kabla ukaguzi haujafikiwa. Kila kitu kifungwe isipokuwa /ingia na CSS yake.

Hapo bado kuna picha na PDF. Nginx, seva ya wavuti inayokaa mbele ya programu yako, ikitoa /uploads moja kwa moja kutoka diski, ombi halifiki kabisa kwenye programu yako, na ukaguzi wako mzuri haupati habari. Ipe `location` hiyo neno `internal`, kisha programu ikishamkagua mtu iagize faili kwa kichwa cha `X-Accel-Redirect`.

Ushauri wangu, ambao wengi huudharau kwa kuwa hauna fomu ya kupendeza: kama nenosiri ni moja kwa wote, usiandike msimbo wa kuingia hata mstari mmoja. Weka `auth_basic` na `auth_basic_user_file` (ndiyo Basic Auth, kivinjari chenyewe huuliza jina na nenosiri) kwenye `server` ya Nginx, juu ya `location` zote, nazo zitarithi, uploads ikiwemo. Hasara yake ni kukosa kitufe cha maana cha kutoka. Kisha hakikisha programu inasikiliza 127.0.0.1 pekee, yaani mashine yenyewe. Docker, inayoendesha programu ndani ya kontena, ukiipa `-p 3000:3000` inafungua mlango huo kwa dunia nzima, tena kwa kuiruka ufw, ukuta wa moto wa Linux. Andika `-p 127.0.0.1:3000:3000`.

Dhana: "Nenosiri la Basic Auth limesimbwa, si unaona halisomeki?"

Hiyo ni Base64, namna tu ya kuandika data kwa herufi nyingine. Hufunguliwa kwa amri moja, bila ufunguo wowote. Bila HTTPS usianze kabisa, na cheti cha Let's Encrypt ni bure.

Dhana: "SHA-256 inatosha, haiwezi kurudishwa nyuma."

Hairudishwi, inabahatishwa. SHA-256 ni njia ya hashi iliyoundwa iwe ya kasi, na kasi hiyo ni faida ya anayejaribu mamilioni ya maneno. Tumia njia za hashi za polepole kwa makusudi: Argon2id, au bcrypt yenye gharama (cost, kiasi cha kazi) ya 12, ukikumbuka kwamba bcrypt haisomi zaidi ya baiti 72. Kosa linalopoteza saa nzima: hashi ya bcrypt huanza na `$2b$12$`, na shell, programu inayosoma amri zako, huzichukua alama hizo za dola kuwa vigeu. Hashi inafika imekatwakatwa, nenosiri sahihi linakataliwa. Izungushie alama za nukuu za mstari mmoja ('), na kwenye docker-compose.yml andika `$$` kila penye `$`. Na kama nenosiri liliwahi kuingia kwenye Git (hifadhi ya matoleo ya msimbo), libadilishe tu; kufuta mstari hakufuti historia.

Dhana: "Kuki ya `ameingia=1` inatosha."

Inatosha kwa yeyote anayejua kuiandika kwa mkono. Tengeneza tokeni ya nasibu ya baiti 32, itunze kwenye seva, na kuki yake iwe na `HttpOnly`, `Secure` na `SameSite=Lax`.

Dhana: "Tutakuwa tunalibadilisha kila mwezi."

Mtaishia kwenye Karibu1, Karibu2, Karibu3. NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, ilishauri mwaka 2017 watu wasilazimishwe kubadilisha kwa ratiba. Nenosiri la pamoja hubadilishwa siku mtu anapoondoka, na siku hiyo vipindi vilivyo wazi (sessions, hali ya kuwa mtu ameshaingia) vifutwe pia, maana kuki yake ya jana haijui kwamba nenosiri ni jipya. Futa jedwali la vipindi. Kama kuki zako ni za kutiwa saini, kama za Flask, badilisha `SECRET_KEY` na uwashe upya programu.