Mitandao ya kijamii: kwa nini kidole hakikomi

"Anayeshinda kwenye simu hana nidhamu tu."

Kauli hii inawaumiza watu bure. Mwaka 2006 Aza Raskin, mbunifu wa programu za kompyuta, alibuni ukurasa usio na mwisho: unaposukuma kidole, mengine yanajileta yenyewe, hufiki mahali pa kusema basi. Baadaye alijutia ubunifu huo hadharani. Mwaka 2017 Sean Parker, rais wa kwanza wa Facebook, alikiri kwamba walijua wanatumia udhaifu wa akili ya binadamu. Kwa hiyo kumlaumu kijana peke yake si haki.

"Tunarudi kwa sababu tunafurahia."

Hapa ndipo wengi wanapopotea. B. F. Skinner, mwanasaikolojia wa Marekani, aliwafundisha njiwa kudonoa kitufe wapate chakula. Chakula kilipokuja bila mpangilio, njiwa walidonoa kwa bidii, na hata kilipokatika hawakuacha upesi. Sasa jiangalie ulipoweka picha. Unafungua: laiki mbili. Unafungua tena: hakuna kitu. Mara ya tatu, rafiki uliyesoma naye msingi ameandika maoni. Kinachokuvuta ni kutojua safari hii utakuta nini.

Kent Berridge wa Chuo Kikuu cha Michigan ameonyesha kwamba ubongo hutenganisha kutamani na kufurahia, na dopamini, kemikali inayopeleka ujumbe kwenye ubongo, huchochea zaidi ule utamani. Ndiyo maana mtu anaweza kuperuzi hadi saa nane usiku, bando likamwishia, na asikumbuke hata kimoja kilichomfurahisha.

"Basi dopamini ni sumu, tuifunge."

Hapana. Bila dopamini hata kutembea ni shida. Wagonjwa wa Parkinson, ambao ubongo wao hupungukiwa dopamini, wanalijua hilo.

"Kila anayetumia sana ni mraibu."

Shirika la Afya Duniani limeutambua ugonjwa wa michezo ya video katika orodha yake iliyoanza kutumika 2022, lakini uraibu wa mitandao ya kijamii haumo kama ugonjwa unaojitegemea. Dada anayeuza vitenge Instagram kutwa nzima yuko kazini. Wa kuhofiwa ni yule anayekosa usingizi, kazi inamharibikia, anajaribu kupunguza na anashindwa.

"Futa programu, umepona."

Wengine huipakua tena baadaye, kwa sababu upweke au wasiwasi uliowapeleka huko bado upo. Kuzima arifa na kulaza simu sebuleni kunasaidia, ila mwenye upweke anahitaji pia mtu wa kuzungumza naye jioni.