Chokoraa "hana kwao"? Si kweli

Watu wengi Nairobi wanaamini mtoto wa mtaani hana kwao, eti kumsaidia ni kumtafutia makao ya watoto akae huko mpaka awe mtu mzima. Lakini wengi wa watoto hawa wana mzazi hai, au nyanya, au mjomba, ila nyumbani kulikua na njaa, kipigo ama karo ilikosekana akaacha shule akaingia barabarani.

Ndo maana kituo cha uokoaji kinachojua kazi yake hakikimbilii kumpa kitanda cha maisha. Afisa wa jamii anaanzia mtaani kwenyewe, anamzoea mtoto polepole maana hawa wamedanganywa sana, halafu anatafuta familia, anaenda kuiona, anaongea nao kuhusu kile kilichomfukuza, na mtoto akirudi bado anafuatiliwa. Ukimrudisha tu kwa gari bila hizo hatua anarudi mtaani, nyumba ni ile ile! Undugu Society, shirika la Kenya la kusaidia watoto wa mtaani, imefanya kazi na vijana hawa tangu 1973.

Makao yapo, lakini kwa muda tu, ama kwa yule hana mtu kabisa. Ukiona mtoto ako taabani piga 116, simu ya msaada kwa watoto Kenya, ni bure.