Salsa si ya Cuba tupu, na Wakongo hawakukopi rumba

Kuna maneno ya uongo kuhusu muziki huu, na la kwanza nalisikia kila kona, eti salsa ni muziki wa Cuba. Mizizi sawa, ni son, mtindo wa muziki wa mashariki ya Cuba, upande wa Santiago, ila salsa kama tunavyoijua imepikwa New York miaka ya 60 na 70, na wapishi wengi walikuwa Wapuerto Rico wa Bronx na Harlem. Marekani iliiwekea Cuba vikwazo 1962, santuri mpya za Havana zikawa adimu, vijana wakaendelea na walichonacho wakaongezea tromboni na jazi. Lebo kubwa ya salsa, Fania, ilianzishwa 1964 na Jerry Masucci pamoja na Johnny Pacheco, na Pacheco ni mzaliwa wa Jamhuri ya Dominika, sasa Cuba tupu inatoka wapi?

La pili ndo linaniuma, eti Wakongo walikopi rumba ya Wacuba. Kwanza rumba yenyewe ya Havana na Matanzas ni ngoma, sauti na kucheza, gitaa hamna kabisa. Santuri za GV, mfululizo wa kampuni ya HMV, zilizofika Léopoldville (Kinshasa ya sasa) kuanzia miaka ya 30 zilibeba son kwa wingi, ila sokoni iliitwa rumba maana ndo jina lililokuwa linauza. Na wanamuziki wa pale haikuwa ngeni masikioni mwao, kwa sababu Wacuba wengi mababu zao walichukuliwa utumwani kutoka hukohuko Kongo. Sikiliza son inapofika mwishoni, kwenye montuno: muimbaji anatupa mstari, wenzake wanajibu, piano inazunguka palepale haichoki. Wakongo ile kazi ya piano wakaikabidhi gitaa, wakaongeza la pili na la tatu, wakaimba Kilingala, na ule mzunguko wa gitaa wakaurefusha mpaka watu wakawa wanaisubiria sebene tu, yaani kipande hicho cha gitaa. Hiyo ni kopi gani jamani?

Halafu wapo wanaodhani Cuban Marimba ilikuwa bendi ya wageni. Ni ya Morogoro ile, ya Salum Abdallah, na Kiswahili chake kimenyooka.

Na bachata, muziki wa Jamhuri ya Dominika, si wa kishua hata kidogo. José Manuel Calderón alirekodi za mwanzo 1962 Santo Domingo, ila wenye hela wa mjini wakaudharau miaka na miaka, wakasema ni muziki wa vilabu vya pombe na madanguro, redio nyingi hazikutaka hata kuupiga, mpaka mwanamuziki wa hukohuko Juan Luis Guerra alipotoa albamu ya Bachata Rosa 1990 ndo nao wakaanza kuucheza sebuleni kwao.